Kuku Ishirini na Sita wa Mama

Ashby Mills, New Hampshire
4 Oktoba 1936

Dada Ragna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kiuno kimekuachia kidogo. Sisi huku hatujambo. Delphine amemaliza kusindika tufaha, nyumba nzima inanuka siki, na binti yetu Lucie ameng'oka jino la mbele na hataki kulitupa. Majani ya miti yamegeuka rangi, na watu wa mjini wanakuja na magari kuyatazama kana kwamba kwao hakuna miti.

Kwenye kadi yako ya Agosti uliniuliza kama bado nalipwa kunyonya kuku damu. Bado nalipwa. Mwezi uliopita tumepima kuku elfu nne na mia mbili katika mashamba kumi na mawili, na mikono yangu imechanwachanwa kama ya mtu anayeishi na paka mwendawazimu. Ni kazi ya halali, ingawa najua wewe ungeona heri ningekuwa nauza bima.

Hapo nyumbani una kuku wangapi siku hizi? Na wale wenye tobo mguuni, bado unawaweka kama Mama alivyokuwa akiwaweka? Nauliza tu.

Delphine anakusalimu. Mimi pia.

Nduguyo,
Anton

Norheim, Iowa
19 Oktoba 1936

Mdogo wangu Anton,

Barua yako imefika Jumatano, imekunjwa vizuri, kama kawaida ya watu wa maabara. Kiuno changu kipo palepale kilipokuwa, ahsante. Mahindi tumevuna, kama hivyo vijiti vilivyoachwa na ukame vinaweza kuitwa mahindi. Mchungaji Fosse ametengenezewa meno mapya, na sasa kila akitaja dhambi anapiga mluzi, watoto wanacheka, mama zao wanawafinya. Verna Kolstad, jirani yetu wa upande wa kinamasi, amefiwa na mumewe. Jua lile la Julai lilimwangusha katikati ya shayiri. Amebaki na watoto watatu na mashine ya kuangulia mayai aliyoinunua marehemu, na kila mtu kanisani anamwonea huruma kwa maneno.

Sasa tuje kwenye hiyo "nauliza tu" yako. Wewe hujawahi kuuliza tu tangu ulipoanza kusema. Nina kuku 214, wote wa milia, uzao uleule alioanza nao Mama mwaka aliofika nchi hii. Kati yao 26 wana tobo. Ndiyo, nawaweka, na nitaendelea kuwaweka.

Kama umesahau ulikotoka, nikukumbushe. Kila vifaranga vilipoanza kuhara kweupe na kufa, Mama hakupiga kelele wala hakuita bwana yeyote wa serikali. Alingoja. Vile vichache vilivyobaki hai alivishika kimoja kimoja na kuvitoboa utando wa mguu wa kushoto kwa kile kikoleo chake kidogo, na hao ndio waliokuwa wazazi wa mwaka uliofuata. Kuku aliyepita hapo amepita, alikuwa akisema. Wengine wilaya nzima walinunua kuku wapya kila mara. Mama hakununua hata mmoja kwa miaka thelathini na mitano. Watu walitoka hadi mji wa Decorah kuja kuomba mayai ya kuku wa tobo.

Na leo mtu aliyeacha taa ya kupashia banda joto izimike, vikafa vifaranga mia tatu kwa usiku mmoja, ndiye anayetaka kunifundisha kufuga. Dunia hii ina vichekesho.

Msalimie mkeo. Mwambie tufaha haziwekwi siki nyingi namna hiyo.

Dada yako,
Ragna

Ashby Mills
2 Novemba 1936

Dada Ragna,

Tumepokea barua yako na tumeshukuru kwa ushauri wa siki. Delphine ameusoma mara mbili, halafu akaongeza siki. Lucie anakohoa lakini anaenda shule. Pole zangu kwa Verna Kolstad; namkumbuka alivyokuwa msichana, ndiye pekee aliyekuwa akinipisha kwenye bembea.

Nitasema wazi maana kuzungukazunguka kunakuudhi. Bwana Binstead, yule wa kiwanda cha kutotolesha vifaranga hapo Norheim, amewaandikia watu wetu. Kuanzia Januari hatanunua yai la kutotolesha kutoka banda lolote lisilopimwa damu. Wewe ni mmoja wa wanaomuuzia. Usipopima, mayai yako yataishia dukani, yakaangwe na watu wasiojua hata jina la kuku wako. Kwa hiyo nimeomba Lowell Pruett, mpimaji wa huko kwenu, aje kwako tarehe 17. Nimemwambia wewe ni mtu wa kuaminika. Nimeweka jina langu hapo.

Kipimo chenyewe si uchawi. Kuku anachomwa mshipa chini ya bawa, linatoka tone moja dogo kuliko punje ya dengu. Linawekwa juu ya kioo chenye mwanga kwa chini, linachanganywa na tone la dawa ya zambarau. Ukingoja dakika mbili, damu safi inabaki laini kama wino. Damu ya kuku mwenye ugonjwa inakatika vipande vipande, kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai.

Na hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Kifaranga kilichopona kuhara kweupe hakikuushinda ugonjwa. Kimeumeza. Kijidudu chenyewe, salmonela, kinahamia penye mayai na kukaa humo maisha yote ya kuku. Kwa nje anapendeza, anakula, ana upanga mwekundu kichwani. Lakini kati ya mayai yake, mengine yanatoka tayari na kifo ndani. Mama alikuwa akichagua wagonjwa, Ragna. Alikuwa akiwachagua kwa uangalifu mkubwa, mwaka hadi mwaka, na kuwatia alama.

Kuhusu taa: niliijaza mafuta mwenyewe jioni ile. Nimesema mara moja na sitarudia.

Anton

Norheim
28 Novemba 1936

Mdogo wangu Anton,

Salamu. Theluji imeanza. Tumekula chakula cha Sikukuu ya Shukrani kwa Verna, bata mzinga mwembamba kuliko mhubiri, na watoto wake wamekula kama waliotoka vitani. Kinanda cha sebuleni kimepata panya, nimewatoa.

Lowell wako amekuja. Nilitegemea mtu, akaletwa kijana mrefu mwenye masharubu kama mswaki uliochakaa, amevaa koti jeupe ndani ya banda la kuku. Koti jeupe, Anton. Alishuka na sanduku lake kama kasisi anayekwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Jogoo mkubwa alimwangalia mara moja tu, akamfanyia kitu juu ya kiatu.

"Bi Hovde," akaniambia, "kuku wako hawatasikia maumivu."

"Nani kakwambia?" nikamuuliza. "Umewahi kuwa kuku?"

Akafungua sanduku lake. Alipima toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mimi nilimwachia wale wanaume wawili wa kwa jirani Tollefson wamshikie, nikaingia ndani nikapiga kinanda. Mwisho wa siku akaniambia amepima 188 na wenye damu mbaya ni watatu tu. Watatu. Mmoja wao alikuwa chongo na nilishamhukumu supu tangu Septemba. Nimewachinja mbele yake ili moyo wake utulie.

Nimepewa cheti, kina muhuri. Nimekitundika jikoni juu ya kalenda, mahali ambapo mvuke wa viazi unakifikia vizuri. Binstead amekuja kukisoma, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesoma Maandiko.

Kwa hiyo Mama alikuwa akichagua wagonjwa, sivyo? Wagonjwa watatu katika banda zima, na wote hawakuwa na tobo. Ukimaliza kuomba radhi kwa marehemu, unaweza kuniandikia.

Ragna

Ashby Mills
13 Desemba 1936

Dada Ragna,

Krismasi njema mapema, maana posta ya mwezi huu inatembea kwa magoti. Kikohozi cha Lucie kimepona. Delphine amekufumia soksi; ni za rangi ya chungwa, usinilaumu mimi.

Lowell ameniandikia kurasa mbili za kukusifu. Anasema hajawahi kupokelewa na mtu mcha Mungu namna ile, kwamba ulipiga nyimbo za kanisani kumi na moja mfululizo bila kupumzika, kwa sauti kubwa, milango ikiwa wazi, na kwamba ilimgusa. Nimeishi na wewe miaka kumi na moja. Hupigi kinanda hata Pasaka mpaka ubembelezwe.

Tena, kinanda kinakaa ukuta mmoja na jiko la nje la kiangazi, lile lisilotumika wakati wa baridi.

Oktoba uliniandikia una kuku 214. Lowell amepima 188. Sihitaji maabara kwa hesabu hiyo.

Wako wapi ishirini na sita, Ragna?

Anton

Norheim
2 Februari 1937

Mdogo wangu Anton,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya theluji, mafua, na kukosa hamu. Soksi zimefika. Nazivaa nikienda kukamua ng'ombe, ili wajue nakuja. Krismasi tulikula samaki wa kulowekwa magadi kama kawaida yetu Wanorwe, na Mchungaji Fosse aliacha meno yake kwenye gilasi akaomba kipande cha tatu. Mzee Tollefson amevunjika nyonga.

Unauliza kuku ishirini na sita. Mbweha.

Nafikiri hilo limetosha, ila nakujua, kwa hiyo nitaongeza jambo moja. Binstead simdanganyi. Mayai ninayompelekea yanatoka kwa kuku waliopimwa na koti jeupe lako, wote, hata moja halikutoka kwingine. Jina lako ulilolitandika mbele ya watu halijaingia tope.

Habari njema ni ya Verna. Wote wamemletea keki na machozi. Mimi nimeamua kumpa kitu cha kumsaidia. Kila Jumamosi nampelekea trei ya mayai ya kutotolesha, bure, aijaze ile mashine ya marehemu. Anategemea kuuza vifaranga mwezi wa nne na kubakiza mitetea ya kutaga, na hicho ndicho kitakachomfikisha mwaka ujao yeye na wanawe. Nimemchagulia yaliyo bora niliyo nayo. Mtu akitoa, atoe kitu cha maana.

Ragna

Ashby Mills
20 Februari 1937

Ragna,

Sisi wazima. Sitaandika mengine.

Yaliyo bora ya nani? Mbweha wa Iowa amekuwa msomi, anaingia bandani, anakagua vidole vya miguu, anachukua wenye tobo tu na kuwaacha wengine wamelala. Na baada ya kuwala bado wanataga, kila Jumamosi trei moja.

Unampa Verna kifo ndani ya ganda. Acha leo hii. Nenda kamwambie ayatoe mayai yale kwenye mashine.

Nimemwandikia mwenyewe barua. Iko hapa mezani, ina anwani, haijatiwa stempu. Nakupa wiki mbili uende ukaongee naye kwa mdomo wako. Ukishindwa, itakwenda.

Anton

Norheim
11 Aprili 1937

Mdogo wangu Anton,

Natumaini ninyi nyote hamjambo. Barabara ni matope matupu, gari la maziwa limezama mara mbili wiki hii, na dereva ametukana kwa Kinorwe na kwa Kiingereza, mpaka watoto wa shule wamejifunza maneno mapya. Mzee Tollefson ameanza kutembea na fimbo. Bustani bado.

Vifaranga vya Verna havikuendelea vizuri. Ule moto wa banda lake la kulelea haueleweki, mara joto, mara baridi. Halafu anaweka matandazo ya makapi, jambo ambalo mtu yeyote angemwambia asifanye. Halafu maji ya kisima chake yana kutu. Vilianguliwa 240. Wiki ya kwanza vikaanza kujikusanya pembeni na kulia, mabawa chini. Wiki ya pili alikuwa akivitoa kwa ndoo. Leo vimebaki thelathini na kimoja.

Nilikwenda kumsaidia kusafisha. Tulikaa kwenye makapi, mimi na yeye, tukiviosha nyuma kwa maji ya uvuguvugu, maana vilikuwa vimezibwa na kile kitu cheupe kama chokaa. Hakulalamika hata mara moja. Mkubwa wake, Elsie, alikuwa akivihesabu vilivyokufa kwa sauti, mpaka nikamwomba aache.

Verna akaniambia, "Ragna, hivi thelathini na kimoja vimepona. Si ndio wale wa mama yako? Niletee kile kikoleo, nivitoboe mguu."

Nikamwambia nimekisahau nyumbani. Kilikuwa mfukoni mwa aproni.

Kuna jambo nauliza tu. Hiyo dawa ya zambarau inauzwa kwa mtu yeyote, au mpaka awe na koti jeupe?

Ragna

Ashby Mills
17 Aprili 1937

Dada Ragna,

Kifurushi hiki usikiache kwenye baridi. Ndani yake kuna chupa ya dawa, sindano mbili, kitanzi kidogo cha waya cha kuchotea damu, na kipande cha kioo nilichokifunga kwenye soksi ya Lucie. Tone moja la dawa, tone moja la damu, changanya, inamisha kioo huku na huku taratibu, hesabu dakika mbili. Weka taa chini ili uone. Kabla ya kuku mwingine, choma kitanzi kwenye moto na ufute kioo. Huhitaji koti.

Sasa la kwangu. Ile barua ya Verna bado iko mezani. Wiki mbili zilipita, zikapita nyingine sita. Kila asubuhi nilikunywa kahawa nikiitazama. Kazini nimewahukumu kuku wa watu nisiowajua, nimewasimamisha wakulima wanaolia, sikutetereka. Lakini kumwandikia jirani kwamba dada yangu ameficha kuku nyuma ya kinanda, hilo lilinishinda. Nilijiambia utakwenda mwenyewe. Nilijua hutakwenda. Kwa hiyo katika ndoo za Verna, nusu ni zangu, na nimekuwa nikikucheka kwa barua nzuri nzuri huku nimekaa juu ya stempu.

Delphine ameiona ile barua jana. Ameisoma yote, akaniuliza swali moja: "Wewe ulikuwa unamlinda nani?" Nikaenda kupasua kuni.

Ukimaliza kupima, niandikie idadi. Ukiona uzito wa kuniambia mengine, idadi peke yake inatosha.

Anton

Norheim
9 Mei 1937

Mdogo wangu Anton,

Natumaini wote ni wazima huko. Mwambie Lucie soksi yake nimeifua. Viazi vimepandwa. Mchungaji Fosse amerudishiwa meno yake ya zamani na sasa anatulaani bila mluzi, waumini wameridhika.

Kifurushi kilifika tarehe 22. Nilikiweka kwenye kabati siku tano, nikijiambia nangoja hali ya hewa itulie. Jikoni kwangu hakuna hali ya hewa.

Siku ya sita, baada ya kifungua kinywa, niliwatoa ishirini na sita kutoka jiko la nje na kuwaweka kwenye kreti karibu na meza. Mbweha alikuwa mimi, kama ulivyojua. Nilitafuta taa ya kuweka chini ya kioo, nikaishia kuchukua ile ya zamani ya banda la vifaranga, kwa kuwa ndiyo fupi inayoenea. Wa kwanza alikuwa yule mtetea mkubwa niliyemwita Bestemor, yaani Bibi kwa Kinorwe, ana miaka sita, hajawahi kuugua hata siku moja. Nilimfungua bawa, nikamchoma, akanitazama kama ninayemfanyia utani. Kabla dakika mbili hazijatimia damu yake ilikatika, vipande vipande, na zambarau ikakusanyika pembeni. Hukutia chumvi katika lile la maziwa kwenye chai.

Nikasema hii ni chupa mbovu. Nikamchukua mmoja wa wale waliopimwa na Lowell, nikampima. Laini kama wino. Kwa hiyo chupa ilikuwa nzima.

Idadi unayoitaka ni ishirini na nne. Wawili tu walikuwa safi, na hao nao sikuwaamini tena. Nimewachinja wote ishirini na sita kwa mkono wangu na kuwachoma moto nyuma ya ghala, na kile kikoleo nimekitupa humohumo. Nilitegemea kulia. Nilikuwa na hasira mno. Miaka thelathini na mitano mwanamke mwenye akili anakaa na kitobozi mkononi akipanga ugonjwa kwenye mstari, na mimi nyuma yake nimeshika kreti, nikijiona bora kuliko wilaya nzima. Watu waliokuja toka Decorah tuliwapa mayai kwenye majani makavu, tukawaambia kuku wao hafifu.

Lowell amekuja tena, nimempigia simu mwenyewe. Nilimwambia yote, na kwamba zile nyimbo hazikuwa kwa ajili yake bali za kufunika sauti za kuku. Akawa mwekundu mpaka kwenye masharubu. Kati ya wale 185 waliobaki amepata kumi na tisa wapya. Banda lao limegusana na jiko la nje, wamekaa ukuta mmoja na wale wengine majira yote ya baridi, wamechungulia kwenye mianya, wamekula uchafu uliopenya hapo. Kile cheti nimekitoa ukutani na kumrudishia Binstead. Amesema nimjaribu tena mwakani, kwa sauti ya mtu anayetarajia nife kabla.

Kwa Verna nilikwenda kabla ya kwenda kwa Binstead. Nilikaa jikoni kwake nikamwambia kila kitu, kuanzia kinanda. Alikuwa akikanda mkate, akaendelea kukanda.

"Ungeniuzia, Ragna," akasema baadaye, "ningekudai. Umenipa bure. Nikudai nini?"

Nikamwambia mitetea yangu yote ya mwaka huu, ile itakayopita kipimo, nusu ni yake. Akasema ataichukua, kwa sababu watoto wanakula, na kwamba nisije Jumamosi. Akasema ataniambia Jumamosi gani nije. Bado hajaniambia. Vile thelathini na kimoja tuliviua na kuvichoma moto pamoja, Elsie akishika mlango.

Lile la nusu ya ndoo kuwa zako, sikukatalii. Usitegemee nikubembeleze.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili nitaliandika mara moja. Mama alikosea. Hapo, limeandikwa.

Lakini hilo silo ninalolikwepa tangu Oktoba. Nilipokaa na Verna tukiosha vile vifaranga, nilijua nimeshawahi kuviosha. Chokaa ileile, mlio uleule. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1909, nami nilikuwa na miaka ishirini na mbili, si mtoto. Vifaranga vilivyokufa kwa baridi havizibwi nyuma na chokaa nyeupe, na mimi nilikuwa nimeviosha siku tatu kabla ya usiku ule wa taa.

Asubuhi ile niliingia bandani wa kwanza. Vilikuwa vimekufa, karibu vyote. Taa ilikuwa inawaka, Anton. Mafuta yalikuwa nusu. Mama akaja nyuma yangu, akatazama, akaipuliza, kwa sababu hakuona maana ya kuunguza mafuta juu ya vilivyokufa. Hakuwa na nia mbaya. Baba alipofika akashika kioo cha taa, akakuta cha baridi, akauliza nani aliijaza jana. Mama akanyamaza. Nami nikanyamaza. Wiki iliyofuata ukapandishwa treni kwenda kwa Mjomba huko Dakota, una miaka kumi na mmoja, umebeba kofia mkononi, na mimi nilikupungia.

Imekuwa miaka ishirini na minane nikikuita mzima taa, kwa kicheko, mezani, mbele ya wageni, na katika barua yangu ya kwanza kwako vuli iliyopita.

Nimeifuta masizi ile taa na kuijaza. Iko dirishani hapa ninapoandika, mchana kweupe, inapoteza mafuta. Njoo uizime mwenyewe.

Dada yako,
Ragna